Kijana Anayeulizia Kilaremo

Mtu akitunga kisa hujipa nafasi nzuri ndani yake. Hupambana na jini akamshinda, au humtoroka kwa akili zake. Mimi katika kisa hiki sina nafasi nzuri hata moja, na hiyo peke yake ingetosha kukuonyesha kwamba sikutunga. Nimekaa nacho tangu masika ya mwaka juzi. Mke wangu anakijua nusu. Wewe nakupa chote, kwa sababu mwishoni nina ombi.

Mimi ni mzee wa Machame. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa karani kwenye chama cha kahawa mpaka watu wakang'oa mibuni na chama kikafa. Uzeeni nikapata kibarua katika maktaba ya chuo kimoja hapa Moshi. Sitakitaja, chuo hakina kosa. Nilipokea mabegi mlangoni, nikarudisha vitabu kwenye rafu, nikawanyamazisha wanaocheka. Wanafunzi waliniita Babu. Walinipenda, nami niliwapenda, lakini nisikufiche: jina lile lilikuwa linaniwasha. Babu ni mtu wa kuulizwa choo kiko wapi.

Mkutubi wetu alikuwa binti anayeitwa Aikande, umri wa kitinda mimba wangu. Alikuwa na meza yake dirishani, yenye viti viwili. Mwanafunzi aliyekwama kwenye utafiti wake alipangiwa muda, akakaa pale na Aikande ana kwa ana, wao wawili tu. Mwanzoni nilidhani pale ndipo wanapogawiwa majibu. Kumbe sivyo. Nikipanga vitabu karibu nilimsikia akiuliza: "Unatafuta nini hasa?" Mtoto anaeleza. "Na kwa nini hicho?" Anaeleza tena, safari hii polepole, kama mtu anayejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Halafu, mara nyingi tu, binti mwenye shahada mbili anasema bila haya: "Hilo sijui. Hebu tutafute pamoja."

Unajua nilifikiri nini? Nilimwonea huruma. Siku moja tukinywa chai nikamwambia.

"Mwanangu, acha kusema sijui mbele ya wanafunzi. Watakudharau."

Akacheka. "Babu, nikisema najua na sijui, nitakuwa nimemtuma mtoto wa watu porini."

"Si atarudi tu?"

"Wengine hawarudi, Babu."

Alikuwa anasema juu ya wale wanaokata tamaa wakaacha masomo. Mimi nikaongeza sukari.

Lazima uelewe sisi watu wa huku mlimani. Mgeni akisimamisha gari akauliza kwa fulani ni wapi, unadhani utampata mzee wa kusema sijui? Thubutu! Atanyoosha mkono. Panda juu, ukiona migomba kata kulia. Mlima mzima ni migomba! Lakini mgeni ataondoka ameridhika, na mzee atabaki ameonekana mwenyeji. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote, na sikuwahi kujiuliza wale wageni waliishia wapi.

Basi siku hiyo Aikande alikuwa amekwenda kwenye msiba kwao. Mvua ilinyesha tangu mchana, umeme ukakatika, wanafunzi wakakimbilia mabwenini. Ilipofika jioni ukungu ulikuwa umeteremka mpaka madirishani, ingawa mwanga wa kusomea bado ulikuwepo. Nilikuwa peke yangu. Nikaenda nikakaa kwenye kiti cha Aikande. Baadaye nilimwambia mke wangu kwamba goti lilikuwa linauma. Si kweli. Nilitaka kuonja mtu akikaa pale anajisikiaje.

Sikumsikia akiingia. Niliinua uso tu, nikamkuta amesimama nyuma ya kile kiti cha pili, ameshika mgongo wake kwa mikono miwili kama anayesubiri ruhusa. Kijana wa miaka ishirini hivi, mwembamba, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni, miguuni mabuti ya mpira. Na alikuja na harufu. Niamini, pua ya karani wa kahawa haidanganyiki: ilikuwa harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha, ile ya kwenye mashine msimu wa mavuno. Nikajisemea, mavuno gani masika? Basi, nikaishia hapo.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Mwalimu! Nilitazama nyuma yangu? Sikutazama. Nilinyoosha mgongo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Nimesikia hapa mwanafunzi anakaa na mtu, anasaidiwa kutafuta kitu chake."

Hapo palikuwa na jibu moja la kweli: mwenyewe hayupo, rudi Jumatatu. Nikasema, "Umesikia vizuri. Unatafuta nini hasa?" Hata sauti niliiazima kwa Aikande.

Akakaa, akaeleza. Alisema utafiti wake ni juu ya wanawake wa kambi moja ya shamba la kahawa, chini ya barabara kuu ya Arusha, upande wa kuelekea Bomang'ombe. Watu waliotoka mbali, Singida, Kigoma, wakaja kuchuma kahawa na kulala kwenye vijumba vya kambi. Shamba lilipata mmiliki mwingine, kambi ikavunjwa, wanawake wakabeba sufuria zao wakaondoka.

"Sasa mimi nataka kujua walikwenda wapi."

"Wote?"

Akatazama viganja vyake. "Hata mmoja tu, mwalimu. Nikimpata mmoja, utafiti wangu umekwisha."

Umesikia? Hata wewe uliyekaa kwako umesikia. Aikande angeweka kalamu chini akamuuliza, mmoja yupi, anaitwa nani. Nami nilisikia vilevile, nakuapia. Nilijua kabisa kwamba huyu anatafuta mtu wake. Lakini kuuliza kungenipeleka mahali ambapo ningelazimika kusema sijui, na mtu alikuwa ameniita mwalimu.

"Hao walikwenda Kilaremo," nikasema.

Ngoja nikueleze Kilaremo ni wapi. Si mahali. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na neno hilo la nyumbani. Kisu kikipotea, kimeenda Kilaremo. Kuku asiporudi jioni, ameenda Kilaremo. Tulicheka sana na Kilaremo yetu. Nilikuwa sijalitamka tangu tumzike bibi, na siku ile likanijia mdomoni lenyewe, limeiva.

Nikalipamba. Nikamwambia ni juu, ukishaipita Machame. Nikamwambia kina mama wa kanisa walijenga nyumba ya wajane kule, wakawapokea wale wanawake wa kambini. Nikamwambia aulizie tu njiani, watu wanapajua.

Laiti ungeuona uso wake. Nimewaona wanaume wakiambiwa mtoto amezaliwa salama. Ulikuwa uso wa namna hiyo.

"Kumbe ni juu," akasema taratibu. "Mimi siku zote natafuta huku chini. Ni mbali, mwalimu?"

"Si mbali."

"Ahsante sana. Wengine wote nikiwauliza hunitazama tu, hawanijibu."

Akasimama, akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Alipouachia nikaona kiganja changu kina udongo. Udongo wa tambarare, mwekundu, mkavu kama unga. Mkavu, na nje ilikuwa inamwagika mvua ya kuvunja migomba! Nilipoinua uso alikuwa ameshaingia kati ya rafu. Nikasikia mabuti yake, kup, kup, kup. Halafu sikuyasikia tena. Mlango haukufunguka.

Nikamfuata. Barazani alikuwa amekaa mlinzi wetu, Shirima, amejifunika koti.

"Shirima, yule kijana wa mabuti amepitia wapi?"

"Kijana gani, meku, mzee wangu? Tangu wanafunzi wakimbie hajaingia mtu wala kutoka. Umelala kwenye vitabu vyako ukaota."

"Sikulala."

"Basi nenda kaoe tena, maana upweke unakusumbua," akacheka mpaka akakohoa.

Nikarudi ndani. Kwenye kiti cha pili kulikuwa na udongo mwekundu, umekaa kama mtu alivyokaa, mapaja mawili na mgongo. Na sakafuni chini ya kile kiti. Kwingine kote sakafu ilikuwa safi.

Unadhani nilikimbia? Unadhani nilipiga magoti nikasali? Nilichukua ufagio. Nilifagia upesi nikaenda kumwaga nje, Aikande asije akauliza nani amekaa mezani kwake. Kisha nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba leo kuna kijana ameniita mwalimu. Nikalala vizuri. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba nililala vizuri.

Haukupita muda mrefu, shemeji yangu anayekaa Mkuu, Rombo, akaja kutusalimu. Tukiwa tunakula akasema mambo ya kwao yamekuwa ya ajabu: ukungu ukishuka kuna kijana wa mabuti anapita akiulizia mahali panaitwa Kilaremo.

Nikaweka bakuli la mtori chini. "Mkamwambia nini?"

"Mimi nilimwambia apande, akifika kwenye mfereji akate kushoto."

"Kwani wewe Kilaremo unapajua?"

"Sipajui."

"Sasa kwa nini ulimwelekeza?"

Akanishangaa. "Shemeji, mtoto wa watu amechoka, amekuheshimu, amekupa shikamoo. Utamwambiaje sijui?"

Baada ya hapo nikawa nasikia kila upande. Mama anayetuletea maziwa alikutana naye juu ya kwetu, akamwambia ni mbele kidogo tu. Fundi seremala mmoja alimwonyesha njia ya msituni. Kila mmoja alimwonea huruma, na kila mmoja alimwelekeza. Nikauliza, mlimwonaje? Wakasema amekonda, mabuti yameliwa mpaka vidole vinaonekana, lakini ana furaha. Anasema yuko karibu.

Nikaenda kwa Aikande nikakaa kwenye kile kiti cha pili, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Hakucheka wala hakunigombeza. Aliuliza swali moja.

"Huyo anayemtafuta anaitwa nani?"

"Sikuuliza."

Akafunga kitabu kilichokuwa mbele yake. "Sawa, Babu. Jumamosi twende tukatafute."

Tukaenda Bomang'ombe, kwa sababu Aikande alisema tuanzie jirani na kambi ilipokuwa, si mbali nayo. Sokoni Aikande alimwambia kila mtu maneno yale yale: "Sisi hatujui lolote, tunaomba mtusaidie. Wanawake waliokuwa kambini kwenye kahawa, walikwenda wapi?" Nilikuwa natembea nyuma yake kama mtoto aliyekojoa kitandani. Na unajua ilichukua muda gani? Hata jua halijawa kali tukaonyeshwa. Kwenye kona ya soko, chini ya mwavuli mmoja, walikaa vikongwe watatu wanauza mchicha na nyanya chungu. Ndio waliobaki wa kambi ile. Hawakwenda mlimani wala popote. Siku kambi ilipovunjwa walitembea na sufuria zao mpaka hapo Bomang'ombe, mwendo wa mtu kwenda kununua chumvi, na hapo ndipo walipo mpaka leo.

Aikande aliinama akawashika miguu kwa heshima. Akauliza kama kuna aliyemwacha kijana wa kiume kule kambini.

Mkubwa wao akatucheka kwa fizi. "Mjukuu wangu, hapa nani hana? Huyu amemwacha wake, huyu wake, na mimi wangu. Nyinyi mna vihamba, mashamba yenu ya nyumbani, mtu wako akifa unamlaza kwenye migomba yako, unamwona kila siku ukitoka kukata majani. Sisi tulikuwa na kitanda cha kambi tu. Tuliwalaza pale pale kwenye udongo wa shamba."

"Kwetu Singida wananiita nirudi," akasema wa pili. "Nirudi vipi? Nimwache na nani?"

Wa tatu alikuwa ameacha kufunga mchicha. Alikuwa ananitazama mimi. "Mzee, kwa nini mnauliza? Kuna mtu anatuulizia?"

Nilikuwa nimetoka Moshi kwa ajili ya swali hilo hilo. Lakini ningemwambiaje? Kwamba mmoja wenu mwanawe anamtafuta, simjui ni yupi, nilishindwa hata kuuliza jina, na nimempeleka mlimani? Nikafungua mdomo. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Hapana, mama. Ni utafiti tu."

Aikande alinigeukia, akanitazama. Angenipiga kofi ingekuwa nafuu. Alinunua mchicha wao wote, akarudi Moshi hajasema nami.

Nikaapa kwamba nitamtafuta yule kijana nimwambie kweli. Nikaanza kutembea ukungu ukishuka. Wenzangu wakiingia ndani kuota moto, mimi natoka na fimbo yangu. Na jioni moja, kwenye barabara ya Machame, penye duka lililofungwa, nikasikia mabuti. Kup, kup, kup. Hayakuwa na soli tena, yalipiga kama makofi.

"Shikamoo, mwalimu!" Alinitambua kabla sijamwona vizuri. Alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Harufu ya kahawa iliyochacha ikanijaa puani. Nikakita fimbo chini.

"Marahaba. Mwanangu, simama. Nilikudanganya. Hakuna Kilaremo."

Akaniangalia. Kisha akacheka, kicheko kizuri cha kijana.

"Mwalimu, unanipima."

"Sikupimi. Nilikuwa sijui, nikaona haya kusema. Teremka. Teremka Bomang'ombe, sokoni, kwenye kona. Mama yako yuko pale, ni huku chini, ulikuwa karibu naye tangu mwanzo!"

"Chini nimetafuta sana," akasema kwa upole, kama anayemtuliza mzee aliyechanganyikiwa. "Na Kilaremo ipo, mwalimu. Watu wote wanaijua. Juzi mama mmoja wa maziwa kanionyesha mpaka njia. Wangekuwa hawaijui, wangeniambia hawajui, sivyo?"

Nilikuwa peke yangu upande wa kweli, na nyuma yake alikuwa na mlima mzima uliomwambia vingine.

"Mama yako anaitwa nani?" nikapiga kelele. "Niambie jina lake tu!"

Lakini alikuwa ameshageuka. Alinipungia mkono bila kutazama nyuma. "Nikimpata nitamleta umsalimie, mwalimu!" Ukungu ukamfunika kuanzia miguuni. Nikamfuata hadi goti likagoma, nikakaa barabarani kwenye tope nikalia, mtu mzima mwenye wajukuu. Asubuhi mke wangu alikuta kwenye koti langu udongo mwekundu mkavu. Hakuniuliza, akaukung'uta.

Sijamwona tena. Kazi ya maktaba niliiacha, kwa sababu kila mtoto akinisogelea na swali nilikuwa naanza kutokwa jasho. Siku hizi naambiwa hawasogelei mtu, wanauliza simu, na simu nayo haisemi sijui. Aikande bado yuko mezani kwake. Kila Jumamosi nashuka Bomang'ombe, nanunua mchicha kwa wale vikongwe. Mwaka jana niliwakuta watatu. Sasa ni wawili. Yule aliyeniuliza swali lile ndiye hayupo. Nilikuwa bado sijamjibu, na sijui kama ndiye aliyekuwa anatafutwa. Sitajua kamwe, kwa sababu siku nilipoitwa mwalimu sikuuliza jina.

Wawili waliobaki nimewaambia. Nilipiga magoti kwenye maganda ya ndizi pale sokoni nikawaambia yote. Mkubwa wao alipanga upya mafungu yake ya mchicha. Kisha akaniambia, "Basi tutachelewa kufunga biashara," na tangu siku hiyo wanakaa pale mpaka giza, wameelekeza viti vyao juu mlimani.

Ndiyo maana ninakuomba wewe. Kama uko Machame, au Rombo, au popote kwenye mteremko huu, na ukungu ukashuka, na kijana wa mabuti yaliyoliwa akakupa shikamoo akakuuliza njia ya Kilaremo, usikimbie, hana ubaya. Usimwonee huruma ile yetu ya kunyoosha mkono. Mwambie, sijui. Mwangalie usoni umwambie, mwanangu, mahali hapo sipajui. Akisikia kwako, na akasikia kwa jirani yako, na kwa yule wa mbele, huenda akasimama. Kisha muulize jina la mama yake, umwambie ashuke Bomang'ombe, kwenye kona ya soko.

Na afanye upesi, kwa sababu wale ni vikongwe.

Maana kama hutamwambia sijui, utakuwa umempandisha hatua nyingine. Na siku moja atakuja mwingine anayetafuta mtu wake, akuulize wewe, ana harufu ambayo pua yako itaitambua, na nakuonya: neno la kumdanganya litakujia mdomoni lenyewe, tamu, limeiva. Litafune. Ukilitoa tu, hulirudishi. Mimi nimejaribu.